Masika ya Pavo

Jumatatu, 7 Aprili

Inatangazwa kwa taadhima, kwa wasomao na wasiosoma, kwamba leo baada ya alasiri paka Balozi, mkaazi wa chini ya ngazi ya nyumba hii, ametapika ndani ya kiatu cha kushoto cha Bwana Saif, muuza mafuta mazuri na udi wa hapa Kibokoni. Kiatu kimefariki. Cha kulia kimebaki mjane. Hakuna matanga.

Matapishi yenyewe yalikuwa povu la manjano, na harufu yake sijapata kukutana nayo. Nami harufu ndiyo kazi yangu. Niwekee miski mbele yangu nikwambie imechanganywa na nini na aliyeichanganya alikuwa na haraka gani. Wateja husema pua hii ni mali. Mwanaesha, mke wangu, husema ni adhabu aliyoolewa nayo.

"Mwanamume wa miaka hamsini na mbili anakimbia matapishi ya paka," akasema, akashika dekio. Mimi nilikuwa uani na kikoi puani.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Balozi hali kitu. Amekaa mbele ya bakuli la maji, kidevu kimegusa maji, na hanywi.

Alhamisi, 10 Aprili

Balozi amekufa. Mwisho alikuwa akiendesha maji yenye damu, na harufu ilipanda ngazi ikaingia mpaka kwenye mafuta ya asumini. Nimefungua chupa mara mbili kuhakikisha kwamba haikuingia kweli. Vitoto vya paka vya nyuma ya gofu, ile nyumba iliyoanguka, navyo vinakufa. Nimevizika huko huko gofuni pamoja na Balozi, kwa koleo, huku natema mate kama mja mzito.

Jioni alikuja Crispus, askari wa yadi ya makontena kule Shimanzi, ambaye huninunulia kichupa cha waridi kwa ajili ya mkewe, Nekesa. Nikamweleza habari za paka.

"Mzee Saif, hata kwetu yadini ni hivyo hivyo," akasema. "Mbwa wetu wawili wadogo wamekufa, wanahara damu tupu. Daktari wa mifugo akasema ni pavo."

"Pavo ndiyo nini?"

"Ni virusi. Akasema na paka wana yao, ya ukoo mmoja na ile. Inakaa sakafuni miezi. Maji na sabuni haviiwezi. Labda jiki."

Upande wa pili wa kichochoro, barazani, jirani yangu Taib alivuta pindo la kanzu yake. Taib amestaafu kazi ya bandari, akabaki na kazi ya kutuendesha sisi. Hakusikia virusi wala hakusikia jiki. Alisikia mbwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeamshwa na Taib na ndoo.

"Kizingiti chako kina najisi ya mbwa, shehe. Lazima kioshwe mara saba, moja kwa mchanga."

"Mbwa hakuja, Taib. Amekuja Crispus."

"Viatu vyake vimekuja."

Sikuwa na nguvu za kubishana kabla ya chai. Tukaosha. Yeye akihesabu, mimi nikisugua, na mvua ikitusaidia bila kuombwa. Ilipofika zamu ya mchanga, akanisogezea ndoo nyingine aliyoijaza mwenyewe. Nikatia mkono. Nikashika kitu laini. Nikakitoa, kikawa mguu wa kitoto cha paka.

"Mchanga huu umeutoa wapi?"

"Hapo nyuma ya gofu. Laini, haujakanyagwa na mtu."

Haujakanyagwa kwa sababu mimi jana niliufukua. Basi tumesugua najisi ya mbwa ambaye hakuja kwa udongo wa paka waliokufa. Nimeoga mpaka Mwanaesha akaniuliza kama nakwenda kuoa. Mikono bado inanuka. Taib yeye hanusi kitu, amekaa barazani anakunywa kahawa kwa mkono ule ule.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua haikati. Harufu ya gofu imeota miguu, inatembea. Chini ya nyumba yetu ndipo Mwanaesha anaposomesha chuo cha Kurani cha wasichana, kila alasiri. Nimetoa amri, na mimi si mtu wa amri, kwamba madirisha ya upande wa gofu yafungwe, na nimewawekea chetezo cha udi. Wasichana wanasoma wamebanana juu ya mikeka kama ndizi kwenye tenga. Angalau wananukia.

Mjukuu wangu Bimdogo ndiye anayekaa karibu na Mwanaesha, kwa sababu akiketi sana sakafuni viungo humuuma. Ana miaka tisa. Mama yake, binti yetu Zakiya, yuko Doha kazini. Mtaani tunasema mtoto ana baridi ya mifupa. Hapa naweza kuandika: ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanaesha hataki neno hilo litoke mlangoni. "Leo watamwonea huruma," husema, "na keshokutwa akifika umri, nani ataleta posa?" Nami nimekuwa nikisema baridi ya mifupa kwa ufasaha ambao ungenifaa kwenye biashara.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo hakuna chuo. Jana Sheikha, mjukuu wa Taib, alikuja na mafua, akapiga chafya juu ya juzuu na juu ya "bibi" yake, yaani Taib mwenyewe, alipokuja kumchukua. Anamwita Taib bibi yake akitaka kumchokoza, kwa sababu hutembea polepole. Ana miaka saba na ulimi wa mama mkwe. Yeye na Bimdogo hutumia msahafu mmoja. Jana walitumia na kitambaa kimoja cha pua. Nilikiona kitambaa, nikakitupa kwa kijiti. Hata mafua ya watoto siku hizi yananitia kinyaa.

Jumatatu, 21 Aprili

Paka mwengine amekufa mlangoni. Jiki imeisha dukani kwa Mhindi.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya aibu kubwa.

Taib amekuja mlangoni amemshika Sheikha mkono. Mtoto mweupe, wa upande wa mama yake Mwarabu, na mashavu yote mawili mekundu, yamewaka, kama mtu aliyezabwa vibao kulia na kushoto.

"Mwite mkeo," akaniambia. Hakunisalimu. Taib, ambaye huwasalimia hata mafundi wa stima mpaka wakasahau walichokuja kukata.

Mwanaesha akatoka anajifuta mikono.

"Mwalimu," akasema Taib, "fimbo tunaijua, na mimi nililelewa kwa fimbo. Lakini kofi la uso? Mtoto wa miaka saba?"

"Nani amempiga?"

"Hizi alama zimeota zenyewe?"

"Sheikha mwanangu, nilikupiga?"

Sheikha akatazama chini. Nasema kweli, yule mtoto aliona jinsi watu wazima walivyokuwa wakimsikiliza wote kwa pamoja, akaona ni hasara kuiacha nafasi hiyo ipite. Akanyamaza. Kichochoro kizima kikasikia kimya chake.

Mwanaesha hakulia pale. Amelia jikoni. Ninamfahamu miaka ishirini na tisa. Akikasirika hupiga meza na hupiga kelele, hajapata kumpiga mtoto. Jioni wasichana saba hawakuja chuoni. Nilipopita barazani mazungumzo yakakatika, na mmoja akaniuliza bei ya udi. Hajanunua udi tangu azaliwe.

Nilikuwa nikimcheka Taib. Leo sikumcheka. Leo namuona ana mdomo mchafu kuliko ile ndoo.

Jumatatu, 28 Aprili

Taib amerudi, kanzu imepigwa pasi, sauti imepungua. Mashavu yalikuwa hayajashuka na vipele kama nyuzi za lesi vimeshuka mikononi, basi amempeleka mtoto kwa daktari, Dokta Jael wa kliniki ya Bondeni. Daktari akacheka. Akasema hakupigwa mtu. Ni maradhi ya watoto, hutia mashavu wekundu wa kofi, yanaondoka yenyewe.

"Namuomba radhi Mwalimu," akasema Taib, akitazama mlango badala ya Mwanaesha. "Mbele ya watu nitamuomba, inshallah."

"Mbele ya watu ndipo uliponitukana," akasema Mwanaesha. "Hayo maradhi yanaitwaje?"

Hapo Taib akapata nguvu. Akajinyoosha.

"Pavo."

Mwanaesha akanigeukia.

"Pavovirusi, kasema hivyo hivyo kwa kinywa chake. Ile ile! Imetoka kwa mbwa wa Shimanzi, ikaja kwa paka, imekuja kwa mtoto wangu. Akaniuliza na maswali mengine ya kidaktari, ya wenye mimba na ya damu, nikamwambia kwetu hakuna."

"Alisema imetoka kwa paka?" nikauliza.

"Kuna haja ya kusema? Pavo ni pavo."

Nikamwona Mwanaesha anavuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Amesafishwa. Aliyekosa ni paka. Na mimi, niliyemzika Balozi kwa mikono yangu, nilifurahi pia.

Jumatano, 30 Aprili

Kikao barazani. Wametoa hukumu bila mshitakiwa: paka wote wauawe. Nilisema tumuulize daktari kwanza. Taib akasema, "Wewe huna mtoto mwenye mashavu." Mwanaesha, nilipomweleza, alisema, "Bimdogo ana mwili gani wa kupambana na pavo? Waache wafanye."

Alhamisi, 1 Mei

Wamefanya. Vichwa vya samaki vilivyotiwa sumu ya panya, vimewekwa kwenye vizingiti na chini ya mabomba.

Sitaki kuandika, na naandika. Paka anayekufa kwa sumu hafi kama Balozi. Hujikunja, hunyooka, huuma sakafu. Mmoja alikufa kwenye ngazi za msikiti na watu wakamruka kuingia kusali. Mmoja, mwenye mimba, alitapika mbele ya duka langu samaki aliyeoza, na kunguru wakaja kula matapishi, kunguru wakafa nao. Kichochoro kimejaa manyoya meusi na meupe yaliyolowa mvua. Nimefunga duka. Nilifungua chupa ya udi ili nipate hewa, nikasikia samaki. Nikafungua ambari, samaki. Nimetapika mwenyewe, kwenye kiatu cha kulia. Sasa wote wawili wamekwenda.

Taib alipita na gunia na glavu za kuoshea vyombo, za waridi, anaokota. Alikuwa na furaha ya mtu wa kazi aliyerudishwa kazini.

"Umeona, shehe? Mtaa unasafika."

Nikamtazama mkono, nikakumbuka kwamba mkono huo nimeushika kila siku kwa miaka thelathini. Nikaingia ndani.

Ijumaa, 2 Mei

Bimdogo amelala mchana, yeye ambaye hulazimishwa. Hana maumivu. Akiwa haumwi mifupa sisi humshukuru Mungu tukanyamaza.

Jumamosi, 3 Mei

Amelala tena. Homa ndogo. Mwanaesha kampa uji.

Jumatatu, 5 Mei

Naandikia kwenye benchi ya hospitali.

Jana asubuhi nilimwita Bimdogo anywe chai. Alishuka ngazi akishika ukuta, akakaa kwenye kipago cha tatu, akasema, "Babu, ngazi zimekuwa nyingi." Nikacheka, nikamwambia nimeziongeza usiku. Akanitazama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya unga. Nikamfunua kiganja: cheupe, hata mistari haina wekundu. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio hivi kwamba niliuona shingoni, mtoto amekaa tu.

Mwanaesha alikuja, akamfunua jicho, akaniangalia. Nilimbeba mpaka barabarani na sikusikia harufu yoyote njiani. Harufu yoyote. Hivyo ndivyo nilivyojua nina hofu.

Walimpima damu. Daktari wa zamu, kijana, alirudi akaomba ipimwe tena, kwa kudhani mashine imekosea. Haikukosea. Damu ilikuwa imeshuka mpaka mtu mzima asingesimama.

Mchana akaja Dokta Jael, ambaye kumbe huzunguka na hapa. Akauliza kama katika majuma matatu yaliyopita mtoto amekaa karibu na mtu mwenye mafua, au mwenye mashavu mekundu.

"Sheikha," akasema Mwanaesha. "Wanasoma msahafu mmoja."

"Sheikha wa Mzee Taib?" Dokta akafunga macho kidogo. Kisha akatueleza, na nitaandika kama alivyosema. Kirusi hiki huingia kwenye uboho, ndani ya mifupa, pale damu inapotengenezwa, na husimamisha kazi kwa siku kadhaa. Mimi na wewe hatuhisi kitu, damu yetu inaishi miezi. Ya mwenye selimundu inaishi siku chache. Kiwanda kikifungwa wiki moja, ghala linabaki tupu.

"Na paka?" nikauliza.

"Paka gani?"

"Pavo ya paka."

"Paka na mbwa wana yao. Hii ni ya watu. Jina la ukoo ni moja tu. Paka hawezi kukupa hii, wala wewe huwezi kumpa." Akanitazama vizuri zaidi. "Kwa nini unauliza?"

Mwanaesha akawahi kuuliza lingine. "Sheikha alimwambukiza alipokuwa na mashavu?"

"Hapana, kabla. Wakati wa mafua. Mashavu yakishawaka, mtoto haambukizi tena. Watoto wakikaa pamoja ndani, hewa haipiti, basi inatosha."

Mwanaesha aligeuka akanitazama. Aliyefunga madirisha alikuwa amekaa kando yake.

Damu ya kundi lake ilikuwa haba. Wakasema tulete watu wa kutoa.

Alhamisi, 8 Mei

Bimdogo amekunywa uji. Ameniambia, "Babu, unanuka." Ni kweli. Sijaoga tangu Jumapili.

Jumatano, 14 Mei

Tumerudi nyumbani. Mvua imepungua. Huku barazani hadithi imeshapikwa na imeshapoa: paka waliondolewa, na mtoto akapona. Mtu amenikumbatia na kunipongeza kwa hayo. Sasa nitaandika kilichotokea.

Taib alikuja hospitali Jumatatu ile ile, na wanawe wawili, na majirani ambao sikuwaita. Alikuwa na birika la chai na mkate wa mofa, amevifunga kwa kitambaa. Nikamuona anatoka mlangoni kuja kwenye benchi, nami nikasikia samaki, naapa, ingawa alikuwa ameoga akajipaka mafuta yangu mwenyewe. Akakaa.

"Mtoto ana nini hasa, Saif? Baridi ya mifupa haimalizi damu."

Nilimtafuta Mwanaesha kwa macho. Alikuwa ndani kwa mtoto. Basi nikalitoa mwenyewe.

"Hapajakuwa na baridi ya mifupa. Ana selimundu. Tangu kuzaliwa."

Birika lilikuwa bado mkononi.

"Yule daktari aliniuliza," akasema. "Pale kliniki. Aliniuliza kama nyumbani au kwa majirani, au pale anaposoma, kuna mwenye mimba au mwenye selimundu, akasema niwaambie wawahi hospitali wakiona mtu amechoka. Nikamwambia hakuna. Nilimjibu kwa ukali, Saif, kama ametutukana. Mtaa wetu? Selimundu?"

"Hukusema uongo."

"Mlinifanya niseme uongo nisioujua."

Lile onyo lisingezuia ugonjwa kuingia, ulikuwa umeingia tangu siku ya kitambaa. Lakini Ijumaa, mtoto alipolala mchana, tungetoka mbio. Badala yake tulimpa uji siku mbili, tukashukuru haumwi.

Nikamweleza na lile la pili, kwamba paka hawakuhusika hata chembe. Akasikiliza. Akaweka birika chini polepole.

"Nilikuwa nikimbeba begani," akasema. "Sheikha, na mafua yake. Nimewaua wote wale, na maradhi nilikuwa nimeyabeba begani."

Kisha akainuka, akaenda kwenye chumba cha kutolea damu, akakunja mkono wa kanzu. Wakampima presha, wakamkataa. Akabishana nao. Wakamkataa tena. Alibaki amesimama ukumbini na mkono umekunjwa mpaka juu ya kiwiko, kila muuguzi anampisha, na wanawe wakaingia wakatoa badala yake. Bimdogo alitiwa damu mara mbili. Ya nani, hatujui, hospitali haisemi. Baada ya siku nane uboho wake ukaamka wenyewe, kama Dokta Jael alivyosema utaamka, na hakuna aliyeuamsha, wala sisi, wala sumu.

Leo alasiri Mwanaesha alifungua chuo na madirisha yote. Kabla ya kusoma alitoka akasimama kizingitini mbele ya mama za wasichana, akalisema lile neno lote, na jina la mtoto pamoja nalo. Mama mmoja alimvuta binti yake kwa mkono akaondoka naye. Wengine walivua viatu wakawaingiza wa kwao. Taib alimleta Sheikha mwenyewe, akamuomba Mwanaesha radhi mbele ya watu, kwa sauti ya kutangaza mwezi, akamfanya na Sheikha aseme kwamba hakupigwa.

Baadaye nilikwenda nikakaa naye barazani. Kichochoro hakina paka hata mmoja, na panya wameshaanza kupita mchana, wanene, hawana haraka.

"Sijakusamehe paka," nikamwambia.

"Wala mimi sijakusamehe baridi ya mifupa," akasema.

Akanimiminia kahawa. Nikaipokea, nikainusa, nikainywa. Tukakaa hivyo, kila mmoja akimchukia mwenzake kwa haki yake, mpaka ikaadhiniwa magharibi.